Kutoka Msingi Hadi Bati Kabla ya Masika: Mwongozo wa Kupanga Watu, Vifaa na Siku

Mwongozo huu unahusu kipande kimoja tu cha ujenzi: tangu msingi umekwisha na jamvi limemwagwa, mpaka bati la mwisho limepigwa. Kipande hiki ndicho kinachogombana na mvua. Mfano wetu ni nyumba ya vyumba vitatu mkoani Pwani, mita 10 kwa 8, paa la pande nne, inayojengwa mwanzoni mwa 2026. Namba za mfano ni za kujifunzia. Za kwako zitatoka kwenye mchoro wako na kwenye tepu yako. Ukubwa wa nondo na wa mkanda wa lenta ni kauli ya mhandisi, si ya fundi wala yangu.

Kabla ya kuanza, hakikisha kibali cha ujenzi cha halmashauri kipo mkononi na mchoro umechapwa nakala 2: moja ya saiti, moja ya nyumbani.

Vitendea kazi: daftari la kurasa zisizopungua 96, penseli, kalamu, ufutio, karatasi ya miraba, kikokotoo, tepu ya mita 5, tepu ya mita 30, mizani inayopima hadi kilo 25, na kalenda inayoonyesha sikukuu.

Maneno yatakayotumika, kila moja kwa maana moja tu:

Kitangulizi: kazi ambayo lazima iishe ndipo nyingine ianze.
Jozi: fundi 1 na saidia fundi 1.
Nafasi: idadi ya siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kusogeza tarehe ya mwisho.
Mnyororo mkuu: mfululizo wa kazi zisizo na nafasi hata ya siku 1.
Muda wa mzigo: siku tangu unapolipa mpaka mzigo unaposhushwa saiti.

Hatua ya 1. Andika tarehe ya mwisho

Andika juu ya ukurasa wa kwanza tarehe ambayo bati lazima liwe limekwisha kupigwa. Watu wengi huanza na tarehe ya kuanza, kisha huomba Mungu. Anza na mvua. Ukanda wa pwani ya kaskazini hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Dodoma, Iringa na Mbeya wana msimu mmoja mrefu, kwa hiyo wao wasinakili tarehe zangu. Soma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla hujaandika chochote.

Mfano: tarehe ya mwisho ni Jumamosi, 28 Februari 2026.

Ukaguzi: tarehe ni moja, ina siku ya wiki, na imeandikwa kwa kalamu. Ni kitu pekee katika ratiba hii kisichoandikwa kwa penseli.

Hatua ya 2. Pima kazi kutoka kwenye mchoro

Jumlisha urefu wa kuta zote. Mfano: kuta za nje mita 36, za ndani mita 24, jumla mita 60. Kimo cha ukuta ni mita 3.0. Mkanda wa lenta unakaa kuanzia mita 2.1 hadi 2.3 na unazunguka kuta zote.

Gawa ukuta sehemu mbili, kwa sababu lenta inaukata katikati na kazi itasimama hapo.

Chini ya lenta: 60 × 2.1 = mita za mraba 126. Toa milango 7 ya 0.9 × 2.1 na madirisha 8 ya 1.5 × 1.2, jumla 27.6. Zinabaki 98.4.

Juu ya lenta: 60 × 0.7 = mita za mraba 42.

Lenta yenyewe: 60 × 0.15 × 0.20 = mita za ujazo 1.8.

Ukaguzi: mpe mtu mwingine mchoro na tepu ya mita 30, apime kwenye jamvi bila kuona hesabu yako. Mkitofautiana kwa zaidi ya mita 1 katika jumla ya kuta, rudieni nyote wawili.

Hatua ya 3. Geuza vipimo kuwa vifaa

Tofali la inchi 6 lenye uso wa milimita 450 kwa 225, likijengwa kwa udongo wa saruji wa milimita 15, huingia karibu 9 kwa mita ya mraba. Tumia 10, ili yatakayovunjika na kukatwa yawe ndani ya hesabu. Chini ya lenta ni tofali 984, juu yake 420. Jumla 1,404.

Zege la lenta ni la uwiano wa 1:2:4. Kwa kila mita ya ujazo tumia saruji mifuko 6.4 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88. Zidisha kwa 1.8, kisha ongeza asilimia 5 ya upotevu. Saruji inatoka mifuko 12.1, kwa hiyo andika 13. Mchanga ni 0.83, kokoto 1.66. Saruji hukadiriwa juu daima, maana hakuna duka linalouza 0.1 ya mfuko.

Nondo za milimita 12: nyuzi 4 × mita 60 = mita 240. Ongeza asilimia 10 ya mapishano, inakuwa 264. Gawa kwa 12, ambao ndio urefu wa nondo moja: nondo 22.

Ringi za milimita 8, kila sentimita 20: ringi 300. Kila moja inakula mita 0.6 pamoja na kulabu zake, hivyo nondo moja ya mita 12 inatoa ringi 20. Nondo 15.

Maji ya kuchanganyia: lita 25 kwa mfuko, jumla lita 325. Maji ya kumwagilia yaandikwe mstari wake peke yake.

Fanya vivyo hivyo kwa udongo wa saruji, mbao za boksi, misumari, mbao za paa na bati.

Ukaguzi: kila kifaa kina namba, kipimo na kazi kitakayotumika. Mstari unaosema "mchanga tripu 3" ufute. Tripu si kipimo. Tipa moja hubeba mita za ujazo 3, nyingine 7, na dereva hatakwambia.

Hatua ya 4. Geuza vifaa kuwa siku

Anza na kasi ya tofali 100 kwa jozi kwa siku ya saa 8 za kazi. Wako mafundi watakaokucheka na kudai 200. Waache wacheke. Kasi halisi utaipima siku ya kwanza na kuirekebisha katika Hatua ya 11.

Jozi 3 hujenga tofali 300 kwa siku. Chini ya lenta: 984 ÷ 300 = 3.28, andika siku 4. Juu ya lenta: 420 ÷ 300 = 1.4, andika siku 2.

Orodha kamili ya mfano, kila kazi na vitangulizi vyake:

K1. Kupandisha kuta hadi chini ya lenta: siku 4, hakuna kitangulizi.
K2. Kukata na kusuka nondo: siku 3, hakuna kitangulizi.
K3. Kufunga boksi na kulaza nondo: siku 2, baada ya K1 na K2.
K4. Kumwaga zege la lenta: siku 1, baada ya K3.
K5. Kungoja lenta ishike: siku 3, baada ya K4.
K6. Kupandisha kozi za juu ya lenta: siku 2, baada ya K5.
K7. Kungoja ukuta ukaze: siku 2, baada ya K6.
K8. Kupaka mbao za paa dawa ya mchwa: siku 4 kwa watu 2, hakuna kitangulizi.
K9. Kusimika kenchi: siku 5, baada ya K7 na K8.
K10. Kupiga bati: siku 3, baada ya K9.

Ukaguzi: K5 na K7 zimo kwenye orodha. Kungoja ni kazi. Haina fundi wala mshahara, lakini inakula siku kama kazi nyingine, na ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Hatua ya 5. Tafuta mnyororo mkuu

Chora kila kazi kama kisanduku na mshale kutoka kwa kitangulizi chake. Pita mbele kwanza, ukiandika siku ya mwisho ya kila kazi: K1 siku ya 4, K3 ya 6, K4 ya 7, K5 ya 10, K6 ya 12, K7 ya 14, K9 ya 19, K10 ya 22.

Sasa rudi nyuma ukitafuta nafasi. K2 inaisha siku ya 3 na inahitajika mwisho wa siku ya 4: nafasi siku 1. K8 inaisha siku ya 4 na inahitajika mwisho wa siku ya 14: nafasi siku 10. Zilizobaki zote zina nafasi 0. Hizo ndizo mnyororo mkuu, na urefu wake ni siku 22. (Hesabu hii si mpya. Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand waliibuni Marekani mwaka 1957, wakiwa na kompyuta iliyojaza chumba. Kwa kazi 10, penseli inatosha.)

Ukaguzi: jumlisha siku za mnyororo mkuu peke yake: 4 + 2 + 1 + 3 + 2 + 2 + 5 + 3 = 22. Isipolingana na siku ya mwisho ya K10, mshale mmoja umekosewa.

Hatua ya 6. Hamisha siku kwenye kalenda

Tumia kanuni mbili. Siku za mafundi ni Jumatatu hadi Jumamosi. Siku za kungoja huhesabu Jumapili pia, maana saruji haiendi kanisani.

Jaribu la kwanza, kuanza Jumatatu 2 Februari: K10 inaisha Jumatano 25 Februari. Zinabaki siku 3 hadi tarehe ya mwisho. Inapendeza, mpaka uitazame kalenda vizuri. Ramadhani ya 2026 inaangukia karibu tarehe 18 Februari, kwa kutegemea mwandamo, na kwa ratiba hii K9 inaanza tarehe 17. Mtu aliyefunga hatapiga misumari juu ya bati saa 8 mchana wa jua la Februari, wala usimwombe afanye hivyo. Panga saa 6 za kazi kwa siku, kuanzia saa 12 asubuhi. Siku 4 za K9 zilizobaki ni saa 32, na 32 ÷ 6 inadai siku 6. K10 ni saa 24, inadai siku 4. Kwa hesabu hiyo bati la mwisho linapigwa Jumamosi 28 Februari, bila akiba hata ya siku 1.

Jaribu la pili, kuanza Jumatatu 26 Januari: K1 ni 26 hadi 29 Januari, K3 ni 30 na 31, K4 Jumatatu 2 Februari, K5 tarehe 3 hadi 5, K6 tarehe 6 na 7, K7 Jumapili 8 na Jumatatu 9, K9 tarehe 10 hadi 14, K10 tarehe 16 hadi 18. Kazi inaisha mfungo unapoingia, na zinabaki siku 9 za kazi hadi 28 Februari. Wiki moja mapema imenunua yote hayo bila kuongeza mtu. Chukua jaribu la pili.

Ukaguzi: hakuna kazi ya mafundi iliyoangukia Jumapili au sikukuu, na akiba ni siku 5 za kazi au zaidi. Ikipungua, rudi mwanzo wa hatua hii na usogeze tarehe ya kuanza nyuma.

Hatua ya 7. Sawazisha watu na vifaa vya kurudia

Chora jedwali: tarehe juu, majina pembeni, alama 1 kwa kila siku ya kazi. Tazama sehemu mbili, palipojazana na palipo wazi.

Wiki ya kwanza pamejazana: jozi 3 kwenye K1, fundi nondo kwenye K2, watu 2 kwenye K8, wote wakigombania tenki moja la maji na kivuli kimoja. Tarehe 3 hadi 5 Februari pako wazi kabisa, lenta inangojewa. K8 ina nafasi ya siku 10, kwa hiyo ihamishe. Kazi yake ni watu 2 × siku 4 = siku-watu 8. Saidia fundi 3 kwa siku 3 wanatoa siku-watu 9. Inaingia, na mbao zinapata siku za kukauka kabla ya tarehe 10.

Mafundi 3 je? Fundi ukimwacha siku 3 bila kazi, ataitwa kwingine, na Ijumaa utampigia simu akwambie "niko njiani, bosi". Mpe kazi yenye nafasi kubwa, kama kujenga kuta za shimo la choo. Tofali zake zihesabiwe peke yake. Mlinzi amwagilie lenta asubuhi na jioni kwa siku 7, hadi tarehe 9, na alipwe kwa hilo.

Kisha angalia mirunda. Milango na madirisha ni 15, mirunda 2 kila uwazi, jumla 30. Itakaa chini ya lenta siku 14, yaani haiguswi kabla ya tarehe 16 Februari. Lakini jukwaa la kusimika kenchi linahitaji mirunda kuanzia tarehe 10. Ni seti mbili tofauti. Anayepanga seti moja ataona mafundi wa paa wakiing'oa mirunda ya dirisha la sebule, na lenta ikipata ufa kabla haijabeba paa.

Ukaguzi: soma jedwali kwa safu za tarehe. Hakuna jina lenye alama 2 siku moja, na hakuna kifaa cha kurudia kilichoandikwa sehemu mbili.

Hatua ya 8. Kokotoa tarehe ya kuagiza kila mzigo

Tumia kanuni hii: tarehe ya kuagiza = tarehe ya kutumika − muda wa mzigo − siku za akiba. Muda wa mzigo uulize dukani, usiukisie.

Bati: linatumika 16 Februari, muda wa mzigo siku 10, akiba 3. Agiza 3 Februari.
Saruji ya lenta: inatumika 2 Februari, muda wa mzigo siku 2, akiba 1. Agiza 30 Januari.
Tofali: ukifyatua mwenyewe, lipe siku 28 tangu kufyatuliwa. Linatumika 26 Januari, basi siku ya mwisho ya kufyatua ni 29 Desemba 2025.

Tarehe ikiangukia Jumapili irudishe Jumamosi. Usiisogeze mbele kamwe.

Ukaguzi: panga tarehe zote za kuagiza kwa mfuatano. Ya kwanza ndiyo siku ambayo mradi wako unaanza kweli.

Hatua ya 9. Gawa fedha kwa wiki

Andika kwa kila wiki mizigo ya kulipia, ujira wa watu, na usafiri. Jumlisha. Linganisha na fedha iliyopo mkononi wiki hiyo, si ile uliyoahidiwa. Wiki yenye pengo ikiwa ndani ya mnyororo mkuu, usianze K1. Boma lililosimama chini ya lenta kwa kukosa fedha hunyeshewa kozi kwa kozi.

Lipa ujira kwa kazi iliyokaguliwa tu.

Hatua ya 10. Pokea mzigo kwa kipimo

Pima mchanga na kokoto ndani ya tipa kabla hazijamwagwa: urefu × upana × kina. Mfano: 3.6 × 2.1 × 0.6 = mita za ujazo 4.5. Sawazisha uso kwa koleo kwanza. Mchanga wenye unyevunyevu huvimba, wakati mwingine kwa robo nzima, hivyo mzigo wenye unyevu usiulipie kama mkavu.

Pima nondo 3 zilizochaguliwa na wewe, si na muuzaji. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimita 10 ina kilo 7.4. Niliwahi kupokea nondo usiku kwa tochi ya simu, nikaandika "22, sawa". Asubuhi mizani ikasoma kilo 7 na ushee, na lori lilishaondoka. Tangu siku hiyo sipokei nondo baada ya magharibi.

Weka saruji juu ya mbao, sentimita 15 kutoka chini na 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko 10 kwenda juu. Iliyoingia kwanza itoke kwanza.

Tengeneza boksi la kupimia la sentimita 40 × 35 × 25. Linabeba lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko 1 wa saruji. Kwa kila mfuko: mchanga boksi 2, kokoto boksi 4. Karai na koleo zisitumike kupimia.

Hatua ya 11. Rekodi kila jioni na ukokotoe upya

Andika kabla ya kuondoka saiti: tarehe, majina ya waliofika, kiasi kilichofanyika kwa namba, vifaa vilivyotumika, mvua ilinyesha saa ngapi hadi saa ngapi. "Kazi imeendelea vizuri" si rekodi.

Mfano: jioni ya 26 Januari zimehesabiwa tofali 240 badala ya 300. Kasi halisi ni 80 kwa jozi. Zimebaki 744, na 744 ÷ 240 = 3.1, yaani siku 4 zaidi. K1 itakula siku 5, na iko kwenye mnyororo mkuu, basi tarehe ya mwisho imesogea siku 1. Ongeza jozi 1 kesho yake asubuhi: 4 × 80 = 320, na 744 ÷ 320 = 2.3, yaani siku 3. K1 imerudi siku 4. Kuchelewa huku kukigunduliwa siku ya kwanza kunagharimu jozi moja kwa siku tatu. Kukigunduliwa Alhamisi, siku imeshapotea.

Kazi yenye nafasi ikichelewa, punguza nafasi yake kwa siku hizo na uendelee. Nafasi ikifika 0, ihamishe kwenye mnyororo mkuu na uitazame kila siku.

Ukaguzi wa Jumamosi: futa kwa ufutio tarehe zote zilizobaki na uziandike upya kutokana na kasi halisi ya wiki hiyo. Tuma picha ya ukurasa kwa fundi mkuu na kwa mwenye duka.

Jioni ya 18 Februari, bati la mwisho likishapigwa, usilifunge daftari. Geuza ukurasa, andika juu "Plasta, mabomba na umeme", weka tarehe ya mwisho mpya kwa kalamu, kisha anza tena na Hatua ya 2. Kasi utakazotumia safari hii zimo humo, kwa mkono wako.